UZI: Picha za maua za Waholanzi wa zamani, mimi niliyechambua mawaridi miaka minne nimenasa mbele yake

#1 Mchambua Waridi

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeupiga danadana sana maana najua nikisema nilisimama dakika 40 mbele ya picha ya maua kuna watu watasema dada kafika Ulaya akili imehama, haya semeni tu nimeshajiandaa.

Kwanza mnijue. Kabla sijaja huku Uholanzi nilifanya kazi shamba la maua upande wa Usa River kule Arusha, jina nalihifadhi, miaka minne chumba cha kugredi. Kazi yenyewe ni hivi, ndoo zinaingia kutoka grinhausi, unashika ua moja moja unalilaza kwenye ubao wenye alama za sentimita, 40, 50, 60, unageuza kichwa, unapitisha jicho kwenye majani. Jani lina tobo la kiwavi, rejekti. Ua lina kidoa cha ukungu, rejekti. Limepinda shingo, rejekti. Yanayofaa unafunga bunchi ya ishirini ishirini yanaingia chumba cha baridi, usiku yanapanda ndege, na yale ya rejekti yanaenda shimoni. Maelfu yanapita mkononi kwa siku hadi ukirudi nyumbani mchumba akikuletea ua unaligeuza kwanza uone kama lina ugonjwa. Mimi maua nilikuwa nimeyachoka jamani.

Sasa mwaka jana mwenye nyumba wangu wa huku, bibi mmoja mstaafu, akanipeleka Den Haag, jumba moja linaitwa Mauritshuis. Watu wote wamebanana kwa ile picha maarufu ya binti mwenye hereni ya lulu, simu juu juu huoni kitu. Nikachepuka chumba kingine kuna nafasi, nikakuta kipicha kidogo, sentimita 64 kwa 46, kimechorwa kwenye ubao. Chombo cha maua kimewekwa dirishani, dirisha lina tao juu, nyuma unaona mbali huko milima na maji. Mchoraji Ambrosius Bosschaert, kakichora mnamo 1618.

Jicho langu la kazi likaenda kwenye majani. Yana matobo! Yameliwa na wadudu, tena pembeni ya tobo pale jani linapoanza kukauka kaweka rangi ya kahawia nyembamba kabisa kama ilivyo shambani. Nikasema huyu mtu angekuwa supavaiza wangu angemwaga shehena nzima. Halafu nikawaza, mbona kapaka kusudi? Angeweza kuliacha jani zima na hakuna ambaye angemdai.

Toka siku hiyo sijatulia. Nina kadi ya makumbusho ya mwaka mzima nazunguka tu. Ntawaletea nilichokusanya, vuteni viti.

#2 Kigogo wa Kijiweni

Naweka kambi hapa. Ila dada ua si ua tu? Picha ya ua ya sebuleni kwa shangazi ilikuja bure na kalenda.

#3 Ngosha Mtulivu

Endelea mleta uzi, achana na huyo wa kalenda.

#4 Mchambua Waridi

Mkuu Kigogo usicheke sana, na wao walikuwa wanatundika sebuleni vilevile. Hapo ndipo penyewe.

Zamani mchoraji wa Ulaya alikuwa anakula kwa kanisa na kwa mfalme. Sasa Waholanzi wakawa Waprotestanti wa Kalvini, makanisa yakapakwa chokaa nyeupe, hamna sanamu hamna picha ya mtakatifu, mchoraji tenda imekufa. Lakini mjini kuna wafanyabiashara wa nguo, wa samaki, wa pombe, wana hela, wanataka kitu cha ukutani. Kwaio watu wakaanza kuchora vitu vya kuuza sokoni kama fundi anavyotengeneza meza, huyu meli, huyu ng'ombe, huyu mkate na jibini, huyu maua tu maisha yake yote. Bosschaert mwenyewe alizaliwa Antwerp 1573, familia ikahamia Middelburg sababu ya mambo hayohayo ya dini. Wanawe watatu nao wote wakawa wachoraji. Kafariki 1621 akiwa Den Haag, alikokuwa na kazi ya picha ya maua, yaani kafa kazini.

Sasa lile shada lake. Nilisimama naangalia kitu kinanikera sijui ni nini. Baadaye nikashtuka, tulipu na waridi kwenye chombo kimoja! Tulipu za huku zinatoka Aprili hadi Mei, waridi la bustanini linaanza Juni. Na kwenye picha za wengine utakuta na narisisi ya Machi na mayungiyungi ya katikati ya kiangazi vimekaa pamoja vinachekeana. Miaka ile hamna grinhausi ya umeme hamna ndege. Kwa ufupi hilo shada HALIJAWAHI KUWEPO. Hakuna mtu duniani aliyelishika.

Walikuwa wanachora ua moja moja kwenye karatasi msimu wake ukifika, wanaweka, halafu wakikaa kuchora picha kubwa wanachomoa kwenye fungu lao la karatasi, hili hapa, lile kule. Ndio maana ukiangalia picha mbili za mtu mmoja ua lilelile unalikuta kote kote, limegeuza shingo vilevile. Nilivyojua hilo nikarudi kwa Bosschaert nikaona kweli, maua yake hayazibani, kila moja limeangalia mbele kama picha ya darasa la saba, kila mzazi amuone wake.

#5 Fundi Brashi

Mkuu mimi nachora Tingatinga hapa Dar, sisi rangi ya baiskeli kwenye ubao, siku mbili imekauka mzungu kabeba. Hao walikuwa wanatumia nini mpaka ua linang'aa kama lina maji? Niambie hatua kwa hatua kama umeelewa.

#6 Mchambua Waridi

Fundi, hapa nilimsumbua sana kijana mmoja anayefanya kazi ya kusafisha picha za zamani, kanielekeza hivi.

Ubao wa mwaloni unapakwa tabaka la chokaa na gundi mpaka unakuwa laini kama yai. Unachora mistari. Halafu unaweka rangi iliyokufa, ndivyo wanavyoita wenyewe, yaani waridi lote unaliweka pinki moja bapa isiyo na uhai na jani kijani moja bapa. Unaacha likauke, na mafuta ya kitani hayana haraka, siku na siku. Ndipo unarudi na rangi nyembamba inayopitisha mwanga, tabaka juu ya tabaka, nyekundu ya mizizi ya mmea au ya wadudu wa Mexico waliosagwa, buluu ya jiwe la Afghanistan ambalo bei yake usiulize, na njano ya risasi na bati. Mwanga unapenya yale matabaka ya juu unagonga rangi ya chini unarudi kwenye jicho, ndio ule mng'ao unaousema.

Tone la umande nimelitazama kwa kioo cha kukuzia wakaniangalia vibaya. Ni vitu vitatu tu, kidoti cheupe upande unaotoka mwanga, upande wa pili mwanga uliopita ndani ukatua, na kivuli kidogo chini yake. Basi. Ukisogea nyuma hatua mbili ni maji.

Na kuna kichekesho. Jan van Huysum wa Amsterdam, 1682 hadi 1749, huyu wanamuita bingwa wa mwisho, majani yake mengi leo ni ya BULUU. Hakuwa na wazimu. Kijani alikipata kwa kupaka njano ya mimea juu ya buluu, ile njano jua limeila kwa karne tatu, imebaki buluu. Kwahiyo hata maua ya kwenye picha yamenyauka kwa namna yake.

#7 Fundi Brashi

Duh. Hiyo ya majani ya buluu umenimaliza. Kesho namhadithia mwalimu wangu.

#8 Msee wa Karagita

Naivasha hapa, salamu kwa dada wa Usa River. Hiyo story ya rejekti umeniguza, hapa kwetu mashamba yamezunguka ziwa na nusu ya plot yetu wamepitia packing. Maua yetu yanaenda hukohuko kwa mnada wa Aalsmeer, ile saa inaanza na bei ya juu inashuka mpaka mtu abonyeze. Sasa nimesikia hao watu wa zamani kuna wakati waliuza nyumba wakanunua ua moja la tulip, ni ukweli ama ni porojo?

#9 Mchambua Waridi

Kaka wa Karagita karibu sana, mtu wangu wa kazi.

Ni kweli ila imetiwa chumvi. Tulipu haikuwa ya Waholanzi, ilitoka kwa Waturuki, na hata jina linatokana na neno lao la kilemba, maana ua linafanana na kilemba. Mtaalamu wa mimea Carolus Clusius akaja kutunza bustani ya chuo kikuu cha Leiden 1593 akazipanda. Baadaye matajiri wakaanza kuzigombea hasa zile zenye michirizi, nyeupe imechanwa na nyekundu kama moto, ya juu kabisa ikiitwa Semper Augustus. Baridi ya 1636 kuingia 1637 watu wananunuliana vitunguu vya tulipu (sio vya mboga, ni lile shina la chini linalopandwa likatoa ua) vilabuni wakati vitunguu vyenyewe viko ardhini, hakuna aliyeona kitu, makaratasi tu yanapita mkono kwa mkono. Wenyewe waliita biashara ya upepo. Februari 1637 pale Haarlem wanunuzi hawakutokea, bei ikaanguka puu. Ila wanahistoria wa siku hizi wanasema nchi haikufilisika kama tulivyosimuliwa, walioumia ni kundi fulani la wenye hela zao, wengi walibaki kugombana na kudaiana.

Ninyi Wakenya mliofuga kware mwaka ule bei ikapaa halafu ikaanguka mnaelewa bila mimi kueleza.

#10 Msee wa Karagita

Dada tafadhali mambo ya kware tuache. Mjomba wangu bado ana vizimba.

#11 Mchambua Waridi

Hahaha pole yake. Sasa sikia kitu cha ajabu kwa sisi wa grinhausi. Ile michirizi iliyokuwa inauzwa bei ya nyumba ni UGONJWA. Ni virusi, vinasambazwa na wadudu mafuta, walewale tunaowapulizia dawa! Virusi vinazuia rangi isienee kwenye ua ndio linachanika vile, na kitunguu kinadhoofika, kinazaa watoto wachache, ndio maana zilikuwa adimu. Wao hawakujua, walijaribu kila uchawi mpaka wengine wanafunga nusu ya kitunguu chekundu na nusu ya cheupe. Jibu limekuja kupatikana miaka ya 1920. Tulipu za mistari unazoziona leo ni za kuzalishwa, hazina virusi.

Kwahiyo kaka, ua la bei kubwa kuliko yote kwenye zile picha, wewe na mimi tungelitupa shimoni asubuhi na mapema na supavaiza angetusifu.

#12 Bi Mkubwa wa Raskazone

Mwanangu hujambo. Nimesoma yote na miwani yangu. Hayo makombe uliyosema... ah hukusema, nimefungua mwenyewe hiyo picha ya dirisha nikaona makombe pale chini ya chombo. Mbona ni ya bahari ya joto kama yetu? Huko baridi yametoka wapi?

#13 Mchambua Waridi

Shikamoo bibi. Una jicho! Niliyaruka kwa haraka zangu.

Ni ya bahari za joto kweli, yalifika na meli kutoka Bahari ya Hindi na visiwa vya Asia huko mbele. Kampuni yao ya biashara ya Mashariki ilianzishwa 1602, mabaharia wakirudi wanashusha viungo, vyombo vya Kichina, na makombe. Huku kombe moja zuri lilikuwa na hela, matajiri walikuwa na makabati ya kuyakusanyia. Sisi watoto wa pwani tunachezea bao, wao wanafungia kabatini.

Ila bibi hapo pana uchungu wake. 1621, mwaka uleule Bosschaert anakufa, kampuni hiyohiyo chini ya Jan Pieterszoon Coen ilivamia visiwa vya Banda kwa ajili ya kungumanga, wenyeji karibu wote wakauawa, wakakimbia au wakafanywa watumwa. Hela iliyonunua maua ya ukutani ilipita kwenye mikono hiyo pia. Nikiona kombe dirishani naona uzuri wake, na hilo nalo naliona.

#14 Bi Mkubwa wa Raskazone

Marahaba. Ahsante kwa kutoficha. Wanawake je? Hawakuwepo wachoraji wanawake?

#15 Mchambua Waridi

Bibi umeniingiza kwa mtu wangu. RACHEL RUYSCH.

Kazaliwa 1664. Baba yake Frederik alikuwa daktari wa kupasua maiti na pia mtaalamu wa mimea, nyumbani kumejaa chupa za viungo vya watu, vitoto vichanga, wadudu, nyoka, na kavipamba na maua na lesi visitishe. Mkusanyiko huo Tsar Peter wa Urusi aliununua 1717 na sehemu yake ipo St Petersburg hadi leo. Binti kakulia humo, mdudu kwake ni kama kuku kwetu. Akiwa na miaka 15 wakampeleka kujifunza kwa Willem van Aelst. Kaolewa na mchoraji wa sura za watu, Juriaen Pool, kazaa watoto KUMI, na brashi hajaweka chini. 1701 kawa mwanamke wa kwanza kwenye chama cha wachoraji cha Den Haag. 1708 mtawala mmoja wa Kijerumani mwenye makao Düsseldorf akamfanya mchoraji wake rasmi, na yeye akabaki kwake Amsterdam anachora na kutuma. Tena 1723 yeye na mumewe wakashinda bahati nasibu! Hapo wengi tungestaafu. Yeye kaendelea hadi miaka ya themanini na kitu, na uzeeni alikuwa anaandika umri wake kwenye picha pembeni ya jina. Kafariki 1750.

Cha kwake unakijua kwa kupinda. Yule Bosschaert maua yamekaa wima kama wanafunzi, Rachel shada linateleza toka kona hadi kona, ua zito limelala kwa uzito wake, jingine limekupa mgongo. Mgongo wa ua! Nani anachora mgongo wa ua? Sisi wachambuaji ndio tunaoujua mgongo wa ua maana ndipo ukungu unapojificha. Nilivyoona hivyo nikajisemea huyu mama ameshika maua kwa mkono, hakuyatazama tu.

Van Aelst mwalimu wake naye yupo Mauritshuis, picha ya 1663, maua na saa ya mfukoni imewekwa mezani na utepe wake. Saa maana yake muda unakwenda. Wengine waliweka hadi fuvu. Ndio ule Ubatili mtupu wa Mhubiri.

#16 Ngosha Mtulivu

Hapo ndipo napata mkanganyiko. Kama ujumbe ni ubatili, dunia inapita, mbona zilikuwa za bei na watu wanazitundika kujionyesha? Si unafiki huo.

#17 Mchambua Waridi

Mkuu umegusa. Sidhani kama kila aliyenunua alikuwa anatubu. Nadhani kwa wengi mahubiri ilikuwa kama dua ya kufungulia kikao, inasemwa halafu watu wanakula. Mimi binafsi saa na fuvu havinifanyi kitu, naona vimewekwa kwa sauti kubwa mno. Kinachonipata ni lile tobo kwenye jani, halisemi kitu lipo tu.

Na ukitaka kuona hawa watu muda uliwashika vipi, rudi kwa van Huysum. Jamaa alikuwa na siri, hata ndugu zake hawaingii chumba anachochorea wasije wakaona anavyochanganya rangi. Kuna barua yake ya 1742, mteja anasubiri picha, yeye anajibu haijaisha kwa sababu waridi la njano halijapatikana mwaka huu, mpaka msimu ujao. Mwaka mzima kwa ua moja! Na London pale National Gallery kuna picha yake ina tarehe mbili, 1736 na 1737, kaanza huku kamalizia huku.

Sasa juzi nimeingia supamaketi hapa mtaani, Januari, nje theluji. Mlangoni ndoo zimepangwa, tulipu, waridi la njano, yungiyungi, krisantemu, vyote vimesimama pamoja, euro chache tu. Lile shada lisilowezekana la Bosschaert lipo kwenye ndoo ya plastiki. Nikachomoa bunchi ya waridi nikasoma karatasi, Kenya. Kaka wa Karagita, lile waridi ambalo van Huysum kalisubiri mwaka mzima ninyi mnalituma kila usiku.

Nikaligeuza nikaangalia mgongo. Safi. Hakuna hata tobo moja. Nikalirudisha.

#18 Msee wa Karagita

Sasa dada si ungenunua basi, utusaidie mshahara.

#19 Mchambua Waridi

Hahaha wiki ijayo. Mwisho wa mwezi huku pia upo.

#20 Kigogo wa Kijiweni

Mimi yule wa kalenda nimerudi. Nimefungua tovuti ya hilo jumba nikaikuza hiyo picha ya dirisha. Nimeyaona matobo. Nikaendelea kukuza nione umande, hapo bando likakata. Mwenye kuunga MB aje inboksi.